Sura ya Tano: Mgeni na Jembe Lake

Mwaka 1983 Julius Nyerere alitunukiwa Medali ya Nansen, tuzo ambayo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) huwapa waliotenda makubwa kwa ajili ya watu waliokimbia makwao. Ilimstahili. Tanzania ya wakati huo ilikuwa imewapokea Wanyarwanda, Warundi, Wakongo, watu wa Msumbiji na wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na Warundi walikuwa wamekatiwa maeneo makubwa ya kulima katika mapori ya Tabora na Rukwa. Desemba 1996, miaka kumi na mitatu baadaye, wanajeshi na polisi wa nchi hiyohiyo walijipanga barabarani mkoani Kagera, wakawazuia wakimbizi wa Kinyarwanda waliokuwa wakitoroka kambini kuelekea mashariki, wakawageuza kuelekea daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda. Karibu nusu milioni walirudishwa kwao katika majuma machache.

Kinachosemwa mara nyingi kuhusu miaka hiyo ni kwamba Watanzania walichoka. Walikuwa wakarimu, wakaona mengi, mioyo ikawa migumu. Maelezo hayo ni mepesi kushika, ndiyo maana yamedumu, lakini hayajibu swali kubwa: mbona katika mikoa ileile kuna wageni waliogeuka kuwa majirani, wakwe na wapiga kura, na wengine waliobaki watu wa kushukiwa hata baada ya kukaa miaka ishirini? Nimeifuatilia historia ya wakimbizi wa magharibi mwa Tanzania nikitafuta kilichoyatenganisha makundi hayo mawili, na ninachokiona ni mambo ya kawaida kabisa: ardhi, kazi, shule na karatasi. Pale serikali ilipompa mgeni nafasi ya kuzalisha, wenyeji walimkubali, hata kama walinung'unika. Pale ilipomzungushia mpaka akawa mtu wa kupanga foleni ya posho, wenyeji walimwogopa. Maoni ya watu yalikuja nyuma ya mpangilio wa serikali, na kwa sababu hiyo naamini yanaweza kubadilishwa.

Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi. Utawala wa Michel Micombero ulijibu kwa mauaji ya Wahutu, yaliyowalenga zaidi waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, viongozi wa dini. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Waliookoka walivuka mpaka kwa miguu na Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi, wakaingia Kigoma, ambako walikuta watu wanaofanana nao kwa lugha na kwa maisha. Kiha cha wenyeji na Kirundi vinasikilizana. Mha wa Kasulu na Mrundi wa ng'ambo wanaweza kupatana bei ya mbuzi bila mkalimani. Wengi walianza kwa vibarua kwenye mashamba ya Waha, wakijenga vibanda pembezoni mwa vijiji.

Serikali haikutaka wabaki mpakani. Ilihofia usalama, na ilikuwa na ardhi isiyo na watu kusini zaidi. Ulyankulu, mkoani Tabora, ilifunguliwa 1972. Katumba, karibu na Mpanda, ilifuata 1973. Ulyankulu ilipozidiwa na watu huku maji yakipungua, Mishamo ilifunguliwa 1978 kwenye pori la miombo la takriban kilomita za mraba 2,000, pori la mbung'o ambalo wachache walilitamani. Huko Mishamo kila kaya ilipewa hadi hekta tano, pamoja na zana, mbegu na chakula cha kufikisha mavuno ya kwanza. Shirika la Kilutheri la TCRS, lililoanzishwa 1964, lilishughulikia visima, barabara na zahanati. Mavuno yalipopatikana, posho ilikatwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 UNHCR ilikuwa imekabidhi makazi yote matatu kwa serikali, kwa sababu wakazi wake walikuwa wanajilisha. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Serikali ya wakati ule iliichukua methali hiyo kama ilivyo.

Nisiyapambe makazi hayo. Mkimbizi hakuchagua kwenda Mishamo. Alihitaji kibali ili kutoka, na ofisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani aliyesimamia eneo alikuwa na sauti juu ya karibu kila jambo. Serikali nayo ilikuwa na maslahi yake: ilikuwa ikiwahamishia raia wake kwenye vijiji vya ujamaa, na kundi kubwa la wakulima hodari lililotua porini lilikuwa neema kwa mikoa iliyosahaulika. Sioni aibu katika hilo. Mahindi, mihogo, maharage na tumbaku ya makazi hayo viliingia masokoni, na mwenyeji wa Mpanda alimfahamu Mrundi kwanza kama muuzaji wa chakula. Watoto walisoma kwa mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili, wakajifunza mito na mikoa ya nchi waliyokuwemo. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Katumba mwaka 1975 alikuwa mtu mzima mwaka 1990, na Burundi aliifahamu kwa masimulizi ya wazazi tu.

Hata hivyo jembe peke yake halikutosha. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti Mishamo na katika mji wa Kigoma mwaka 1985 na 1986, kwa watu waliokimbia mauaji yaleyale. Kitabu chake, *Purity and Exile*, kilichotoka 1995, kinaonyesha makundi mawili yaliyoachana kama maji na mafuta. Wale wa Mishamo walijiona taifa lililoko uhamishoni. Walisimuliana historia ya 1972 na ya karne zilizotangulia kana kwamba wote waliiishi, wakaulinda utengano wao, wakausubiri wakati wa kurudi. Wale wa mjini hawakutaka hata kuitwa wakimbizi. Walioa na kuolewa, wakafanya biashara, wakaingia katika maisha ya mitaa. Wengine walijitambulisha kama Waha, na majirani hawakuwa na sababu ya kubisha.

Nadhani utafiti huo haujasomwa vya kutosha na watunga sera wetu. Wenyeji wa Mpanda walimheshimu Mrundi wa Mishamo kwa sababu ya kazi yake, lakini hawakuchanganyika naye, kwa kuwa aliishi mbali, kwenye eneo lenye kizuizi. Wenyeji wa Kigoma mjini walimzoea Mrundi ambaye serikali haikumpangia lolote: alikodi chumba, akauza samaki, akazika na kuzikiwa. Jembe lilimjengea mgeni sifa njema. Undugu ulikuja kwa kuishi mtaa mmoja.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, aliandika kwamba kukutana kwa watu wa makundi tofauti hupunguza chuki pale tu masharti fulani yanapotimia: wakutane wakiwa na hadhi inayolingana, wawe na lengo wanaloshirikiana kulifikia, na sheria na viongozi waunge mkono kukutana huko. Alikuwa akiifikiria Marekani ya ubaguzi wa rangi. Ukiyapima makazi na kambi zetu kwa masharti hayo, unaona wazi ni wapi yalitimia na ni wapi yalivunjwa kwa makusudi.

Katika kambi ya Benaco, mkoani Kagera, masharti hayo yalivunjwa yote kwa mpigo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, wilaya ambayo wakazi wake wenyewe hawakufika 200,000. Hakuna jamii popote duniani ambayo ingelipokea jambo hilo kwa utulivu, na inastahili kukumbukwa kwamba watu wa Ngara walianza kwa kuwagawia wageni walichokuwa nacho. Kisha miti ikaisha. Kambi ya watu wengi kuliko wilaya ilihitaji kuni kila siku, na vilima vilibaki vipara. Mihogo iliibwa shambani usiku. Visima vilichafuka. Wauguzi na walimu waliacha ajira za serikali wakakimbilia mishahara ya mashirika ya misaada, hivi kwamba mwenyeji aliyekwenda zahanati ya kijiji chake alikuta dirisha limefungwa.

Na hofu ya wenyeji haikuwa ya kubuni. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo wapangaji na watekelezaji wa mauaji ya kimbari. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa meya wa wilaya ya Murambi nchini Rwanda, aliishi Benaco, na Juni 1994 jaribio la kumwondoa kambini lilizusha vurugu zilizowalazimu wafanyakazi wa misaada kukimbia. Baadaye mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani, na rufaa yake ilimalizika kwa kifungo cha miaka 40. Mkulima wa Ngara aliyesema kambini kuna wauaji alikuwa anasema kweli. Kosa lilitendwa na wale waliowaacha wauaji wawe viongozi wa kambi, wasimamie hata ugawaji wa chakula, kisha wakashangaa wenyeji walipomwona kila mkimbizi kuwa mmoja wao.

Upande wa pesa, hali ilikuwa na sura nyingi kuliko kumbukumbu za wanasiasa. Kwa bahati Kagera ilikuwa na utafiti wa kaya ulioanza mwaka 1991, kabla ya wakimbizi, uliokuwa umebuniwa kwa ajili ya kufuatilia athari za UKIMWI. Watafiti waliwarudia watu walewale mwaka 2004 na tena 2010, na kwa hiyo tuna picha ya kabla na baada ambayo nchi nyingi zilizopokea wakimbizi hazina. Jennifer Alix-Garcia na David Saah walilinganisha bei na hali za kaya kadiri ya ukaribu na kambi. Vyakula ambavyo havikuwamo kwenye posho vilipanda bei sana, kwa sababu Mnyarwanda aliyepewa mahindi na maharage ya msaada aliuza sehemu yake ili apate ndizi na maziwa. Kaya za vijijini karibu na kambi ziliongeza mali. Zile za mijini, ambazo hununua kila kitu, zilipungukiwa. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp walipochambua takwimu hizo za kaya, waliona mgawanyiko mwingine. Mkulima mwenye shamba lake alipata vibarua wa bei nafuu. Mwenyeji aliyekuwa akiishi kwa kulima mashamba ya wenzake alijikuta anashindana na maelfu ya watu waliokuwa tayari kulipwa chochote juu ya posho.

Ukimuuliza mtu wa Karagwe kama wakimbizi walileta heri au shari, basi, jibu lake linategemea kama mwaka 1995 alikuwa na shamba au alikuwa na mikono mitupu. Wote wawili wanasema kweli. Shida ni kwamba asiyekuwa na shamba ndiye aliyeumia zaidi na ndiye ambaye hakufidiwa na mtu. Mashirika yalijenga barabara, wafanyabiashara wakapanua maduka, na kibarua wa Kinyambo au Kihangaza akabaki na ujira uliopungua na hasira isiyo na pa kwenda. Kama kuna jambo moja ambalo ningependa kila anayepanga kuwapokea watu alijue, ni hilo. Chuki huota kwa yule aliyelipa gharama ya ukarimu wa wengine, na kumhubiria uvumilivu bila kumrudishia ujira wake ni dhuluma ya pili.

Miaka mingi baadaye Maystadt na Gilles Duranton walirudi kwenye takwimu za Kagera hadi 2010, wakati wakimbizi walishaondoka zamani. Kaya zilizokuwa karibu na kambi bado zilikuwa na hali bora kuliko zilivyotarajiwa kuwa. Sababu waliyoiona ni barabara. Malori ya chakula cha msaada yalihitaji njia, njia zikajengwa, wageni wakaondoka, njia zikabaki, na gharama ya kufikisha mazao sokoni ikashuka. Sijawahi kusikia habari hiyo kwenye jukwaa la kampeni.

Kampeni ndizo zilizobadilisha lugha. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miongo mitatu ulifanyika Oktoba 1995, huku kambi za Kagera na Kigoma zikiwa zimefurika. Chini ya chama kimoja, mbunge wa Ngara hakuwa na sababu ya kushindana na mwenzake kuhusu nani anawachukia wageni zaidi. Sasa alikuwa nayo. Mpaka na Burundi ulikuwa tayari umefungwa tangu tarehe 31 Machi 1995. Mwaka uliofuata ukaja uamuzi wa Desemba nilioanza nao, uliotangazwa kwa pamoja na serikali na UNHCR. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Wakimbizi iliyomtaka mkimbizi akae eneo lililotengwa, na kwa utekelezaji wake mkimbizi alizuiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali.

Hapa inanilazimu kugusa jambo linalouma, kwa sababu linahusu fahari yetu. Mwanauchumi Edward Miguel alilinganisha wilaya mbili zinazofanana kwa mengi, Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2004. Busia, palipokuwa na mchanganyiko wa makabila, michango ya kujenga na kuendesha shule za msingi ilipungua. Meatu, mchanganyiko wa makabila haukupunguza kitu. Alieleza tofauti hiyo kwa siasa za kujenga taifa: Kiswahili, mtaala wa shule, serikali za vijiji zilizochukua nafasi ya machifu, viongozi waliokataa kugawa keki kwa kabila. Kila Mtanzania ana haki ya kujivunia matokeo hayo. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 iliweza kumfanya Msukuma na Mnyiramba wachangie dawati moja.

Lakini umoja huo ulifungwa kwa kamba ya uraia. Swali la kabila lilipofifia, swali la nani ni raia likawa kali kuliko mahali pengi. Kwa hiyo silaha iliyo tayari dhidi ya mtu yeyote wa mikoa ya mpakani ni kusema kwamba si mwenzetu. Februari 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mchapishaji aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, hakuwa raia wa Tanzania. Wengine watatu walitangazwa naye, akiwamo balozi aliyekuwa akiiwakilisha nchi. Baadaye Ulimwengu alipata uraia kwa kuomba. Kama mtu aliyelitumikia taifa kwa kiwango hicho aliweza kuamka akiwa mgeni, fikiria mfugaji wa Karagwe ambaye babu yake alivuka Kagera na ng'ombe wake kabla mpaka haujawa na maana.

Wafugaji na wakulima wa aina hiyo waliyaonja hayo mara mbili. Mwishoni mwa 1997 wanajeshi walizunguka vijijini Kigoma na Kagera wakiwakamata Warundi walioishi nje ya kambi, makumi ya maelfu, na kuwapeleka kambini. Baadhi yao walikuwa wamekaa tangu 1972, wenye wake au waume Watanzania na watoto shuleni. Familia ziligawanywa barabarani. Kisha Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu kwa maelfu waliondoka, wengine kwa hiari yenye woga, wengine kwa nguvu, wakiacha mashamba, nyumba na mifugo. Wakati huo kulikuwa na ujambazi wa kutumia silaha kwenye barabara za misitu ya Biharamulo, na wananchi walikuwa na kila haki ya kutaka ukome. Ila ujambazi hukomeshwa kwa kumkamata jambazi. Kumwomba mjumbe wa kijiji aonyeshe nyumba za wasio wenyeji ni kumpa kila mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba fursa ya kuumaliza kwa neno moja.

Afrobarometer iliwauliza watu wa nchi 33 za Afrika, katika awamu yake ya 2014 na 2015, wangejisikiaje kuwa na mhamiaji kama jirani. Asilimia 81 walisema wangependa au wasingejali. Kuna wanaozikejeli takwimu hizo wakisema watu hujibu kwa adabu tu. Mimi nazichukulia kwa uzito, ila naona zinauliza kuhusu jirani, mtu aliye upande wa pili wa ua, anayeomba chumvi na kuja msibani. Hakuna aliyeulizwa kuhusu watu 100,000 waliozungushiwa mpaka kilomita kumi kutoka kwake, anaowasikia tu kupitia uvumi na malori yanayopita. Mtu yuleyule anaweza kumpenda wa kwanza na kuwachukia wa pili, na hana undumilakuwili wowote.

Kambi za kuanzia 1996 zilijengwa kwa wazo kwamba watu wataondoka kesho. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo kwa Wakongo wa Kivu Kusini, wengi wao kutoka Fizi na Uvira, ambao Kiswahili walikuja nacho kutoka kwao. Mwaka 2015, Pierre Nkurunziza alipong'ang'ania muhula wa tatu, Warundi walikimbia upya. Makumi ya maelfu walikwama kwenye ufukwe mwembamba wa Kagunga, kipindupindu kikiwaua, hadi meli ya zamani ya MV Liemba ikawasogeza Kigoma kwa awamu. Nyarugusu ikawa moja ya kambi kubwa kabisa duniani, na Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena. Humo watoto wa Kirundi hufundishwa kwa mtaala wa Burundi na wa Kikongo kwa mtaala wa Kongo. Hoja rasmi ni kwamba wanaandaliwa kurudi. Kinachotokea ni kwamba kijana aliyezaliwa Kasulu, anayeongea Kiswahili na kuimba nyimbo za Dar es Salaam, anafika miaka kumi na minane akiwa na cheti ambacho mwajiri wa Kasulu hawezi kukisoma.

Soko la pamoja ndilo lililobaki kuwa mahali pa kukutana, ambapo mwanamke wa Makere, jirani na Nyarugusu, aliuza dagaa na ndizi na wa kambini aliuza mafuta ya posho na vitenge. Mwaka 2017 mradi wa kuwapa wakimbizi fedha badala ya chakula ulisitishwa. Mwanzoni mwa 2018 Tanzania ilijitoa kwenye mpango wa kimataifa wa kuwashirikisha wakimbizi katika maendeleo ya wilaya zinazowahifadhi, na katika kipindi hicho masoko ya kambi yakafungwa moja baada ya jingine. Serikali ilikuwa na malalamiko ya haki: wafadhili waliahidi mengi na kutoa kidogo, na mkopo wa kuwahudumia wageni si msaada. Lakini kufunga soko hakumwadhibu mfadhili wa Geneva. Kulimwadhibu mama wa Makere, na kukamwondolea sababu pekee ya kumjua mtu wa kambini kwa jina.

Sasa turudi Katumba, maana huko ndiko jaribio kubwa zaidi lilikofanyika. Mwaka 2007 serikali ya Tanzania, ya Burundi na UNHCR zilikubaliana kuwauliza wakazi wa makazi matatu ya zamani wanataka nini. Walikuwa kama 218,000, wengi wao wakiwa wamezaliwa Tanzania. Mmoja kati ya watano alichagua kurudi Burundi. Wanne walichagua kubaki. Kufikia 2010 watu 162,156 walikuwa wamekubaliwa uraia, na sijui nchi nyingine ya Afrika iliyowahi kuwapa uraia wakimbizi wengi hivyo kwa mara moja.

Uamuzi huo nusura uharibiwe na sharti lake lenyewe. Serikali ilisema raia wapya, kama walivyoitwa, wasibaki walipo. Wangetawanywa katika mikoa 16 ili wasiwe kundi moja, na cheti cha uraia kingetolewa baada ya kuhama. Hofu ya nyuma ya sharti hilo naielewa: serikali iliogopa kisiwa cha Warundi ndani ya nchi. Tatizo ni kwamba kisiwa kilikuwa kimejengwa na serikali yenyewe mwaka 1972, na dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuwang'oa watu kwenye visima, makaburi na mashamba waliyoyafyeka kwa mikono yao, na kuwapeleka kwa wenyeji ambao hawakuulizwa kama wana ardhi ya ziada. Viongozi wa mikoa iliyolengwa hawakuwa na hamu. Agosti 2011 zoezi lilisimamishwa. Kwa miaka minne watu walioukana urundi wao waliishi bila cheti cha utanzania. Uchaguzi wa 2010 uliwapita. Makazi yalipangwa kufungwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuezeka upya shule wala kupanda mwembe.

Oktoba 2014 Kikwete, yuleyule wa Operesheni Kimbunga, alianza kuwakabidhi vyeti na kuruhusu wabaki walipokuwa. Sioni mgongano katika hilo kwa upande wa maoni ya umma, ingawa wengi wameuona: huyu alikuwa mgeni aliyekwisha kuonekana akilima kwa miaka arobaini, yule alikuwa mgeni aliyetajwa bungeni pamoja na ujambazi. Katumba sasa iko Nsimbo na Mishamo iko Wilaya ya Tanganyika, zote mkoani Katavi. Ulyankulu ni jimbo la uchaguzi. Mwaka 2015 raia wapya walipiga kura, na wagombea waliokuwa hawajawahi kuikanyaga njia ya Mishamo wakaijua ghafla. Hilo nalo ni mtangamano. Mwanasiasa humheshimu anayeweza kumnyima kura, na wenyeji husikia jinsi anavyomtaja.

Jambo kama hilo, kwa udogo zaidi, lilitokea Handeni. Wazigua wa Somalia, wazao wa watu waliotoka pwani ya Tanga katika karne ya 19, wengi wao wakiwa watumwa, walikimbia vita vya 1991 wakarudi nchi ya mababu wakiwa bado wanaongea Kizigua. Walipelekwa Chogo, wakapewa mashamba, na baadaye wengi wakapewa uraia. Lugha iliwasaidia, lakini Kirundi nacho kilifanana na Kiha bila kuwazuia askari wa 1997. Chogo kulikuwa na lugha, mashamba na karatasi kwa pamoja.

Wale wa Nyarugusu wana lugha tu. Kambi ile imekuwapo tangu 1996, na watoto wa kwanza waliozaliwa humo sasa wana watoto wao. Hawafikii idadi ya wale wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo ambao nchi hii iliwapa uraia bila kuvunjika. Kurudi ni haki yao pale kwao panapokuwa salama, na wanaotaka wasaidiwe warudi. Lakini kuwaweka vizazi viwili bila shamba, bila soko na bila cheti kinachosomeka, kisha kuwalaumu wenyeji kwa kutowapenda, ni kuwadhulumu wote wawili. Uchaguzi ujao, kama wewe ni mpiga kura wa Kigoma, Kagera au Katavi, mgombea akianza kukuhesabia wageni, muulize mambo mawili tu: kijana aliyezaliwa Nyarugusu anaruhusiwa kulima wapi, na soko la kambi litafunguliwa lini.